Herufi ya Tatu

Barua pepe ilikuja saa tano asubuhi,
umeme ndiyo kwanza umerudi.
Mimi ni mweka hazina wa chama cha buni, Kyarumba.
Ilianza kwa adabu: Mama Kabugho mpendwa,
akaunti yenu itafungwa leo saa kumi
msipothibitisha neno la siri. Bofya hapa.

Saa kumi! Na kesho Ijumaa, siku ya kulipa watu.
Milioni kumi na moja na laki nne,
jasho la wanawake wanaoshuka na magunia mgongoni
toka kule juu ambako ukungu hauondoki hadi adhuhuri.
Nikabofya. Nani asingebofya?

Ukurasa ukaja mwekundu.
Wekundu wa buni iliyoiva siku ile ile ya kuchumwa,
skrini nzima, pembe hadi pembe.
Simama. Hapa wanaiba maneno ya siri.
Na kitufe kimoja kikubwa: Rudi.

Nilikasirika, sitaficha.
Nikajua ni Thembo, mtoto wa dada yangu,
aliyekuja Pasaka akachokonoa kompyuta ya chama
akasema, "Mama mdogo, nimekuwekea mlinzi kwenye kivinjari."
Nikamwambia mlinzi tunaye, Baluku,
ana rungu na redio.

Nikatafuta pa kupenya. Papo.
Wamepaweka chini, kwa maandishi madogo kama chawa:
maelezo zaidi, halafu, endelea, shauri yako.
Kidole kilikuwa kimeshafika.

Shauri yako.
Mama yangu hakulisema neno hilo mara mbili.
Nikaondoa mkono. Nikavaa miwani.

Benki yetu inaitwa Milima.
Nikaisoma anwani kama mtoto wa darasa la kwanza,
kidole kwenye kioo: M. I.
Ya tatu haikuwa herufi.
Ilikuwa namba, moja, imesimama wima
katikati ya wenzake, imevaa koti la mwingine.
mi1ima.

Miaka kumi na tisa nimechambua buni, mimi.
Nipe ungo, nitakutolea yenye tundu la mdudu
huku nikikusimulia harusi ya watu.
Na hiyo moja ilinipita.

Jioni nikampigia Thembo: huyo mlinzi wako alijuaje?
"Hajui, mama mdogo. Anaambiwa.
Ana orodha. Mtu anaibiwa mahali, anaripoti,
anwani inaingia kwenye orodha,
anayefuata anakuta nyekundu."
Na yule wa kwanza?
Laini ikakatika, au alikata mwenyewe, salio ni ghali.

Nimekaa na huyo wa kwanza siku kadhaa.
Labda mwalimu wa Soroti. Labda mjane wa Kitgum
aliyethibitisha mapema, kabla ya saa kumi,
akalala akijiona mwangalifu,
akaamkia sifuri.
Na katika hali ile akapata nguvu ya kuripoti.
Ijumaa niliwalipa watu wangu.
Biira alihesabu noti zake mara tatu, akalalamika, kama kawaida.
Sikusema kitu.

Leo imekuja nyingine.
Ushuru, wanasema, turudishiwe laki sita.
Nikafungua.
Ukurasa mweupe, msafi, nembo mahali pake,
hata salamu ya sikukuu.
Mlinzi kimya.

Miwani. Kidole kwenye kioo.
Ya saba imezidi.

Basi wa kwanza ni mimi.

Nikatafuta pa kuripoti. Napo wamepaficha,
ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu,
kama choo nyuma ya nyumba ya mgeni.
Nikabandika anwani. Nikatuma.
Hawakunijibu zaidi ya asante.

Dirishani Baluku anabadilisha betri za redio,
anazipasha juani kwanza, eti bado zina uhai.
Saa sita na robo.
Umeme ukakatika.